Sura ya Sita: Meno 37 kwa 9

Klachi ya tatu ndani ya miezi kumi na minne ndiyo iliyonifikisha kwa mzee mmoja, fundi wa magari. Gari lilikuwa Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, dizeli ya silinda sita, lita 4.2, isiyo na tabo. Nilikuwa dereva wa watalii Arusha, na kama madereva wengi wa umri ule nilidhani nalijua gari kuliko waliolibuni. Nilikuwa nimelivua matairi yake ya kawaida na kulivisha makubwa, yale ambayo ukipita stendi makonda wanaacha kuita abiria wakutazame. Gari liliinuka, likapendeza, likawa halipandi mlima.

Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, kisha akauliza, "Klachi tena?" Hakufungua boneti. Alilizunguka gari mara moja, akaligusa tairi la nyuma kwa ncha ya kiatu, akacheka kidogo.

"Klachi haina kosa, mwanangu. Umemvisha mtoto viatu vya baba yake, sasa unamchapa eti kwa nini hakimbii."

"Sasa tufanyeje, mzee?"

"Ama mvue viatu, ama mkuze miguu."

Habari ya sura hii ni hiyo ya kumkuza miguu. Na nikiri mapema: kwa wasomaji wangu wengi, jibu sahihi ni kumvua viatu.

Ukichungulia chini ya gari upande wa nyuma utaona katikati ya ekseli bonge la chuma mfano wa chungu. Hiyo ndiyo difu. Propela, ile shafti inayoleta mzunguko wa injini, inaingia kwa mbele, hafshafti mbili zinatoka ubavuni kwenda kwenye magurudumu. Humo ndani zinafanyika kazi tatu kwa mpigo. Kwanza, mzunguko unaokuja na propela unapindishwa kona ili uelekee kulia na kushoto. Pili, mwendo unapunguzwa ili nguvu iongezeke. Tatu, gurudumu la nje linaachwa lizunguke zaidi ya la ndani gari linapokata kona. Hii ya tatu ndiyo iliyompa sifa Mfaransa Onésiphore Pecqueur, fundi wa saa, katika miaka ya 1820, na ndiyo iliyoipa difu jina lake. Sisi leo tunahangaika na ile ya pili, ambayo jina halikuikumbuka kabisa.

Kazi hiyo ya pili inafanywa na giya mbili tu. Ndogo inaitwa pinioni, nayo huzungushwa na propela. Kubwa ni kraunwili, nayo ndiyo inayozungusha magurudumu. Pinioni ikiwa na meno 9 na kraunwili meno 37, propela itazunguka mara 4.11 kabla gurudumu halijamaliza mzunguko mmoja, na msokoto uliofika kwenye propela utafika kwenye ekseli ukiwa umezidishwa mara hizo hizo 4.11, ukiondoa kiasi kidogo kinachopotea kwa msuguano. Fundi akisema "difu ya nne moja moja" anamaanisha hiyo. Kwenye magari ya Toyota utakutana pia na 43 kwa 11, yaani 3.91, na 43 kwa 10, yaani 4.30. Maduka ya spea za kubadilisha yanauza 41 kwa 9, yaani 4.56, kisha 39 kwa 8 ambayo ni 4.88, na 37 kwa 7 ambayo ni 5.29. Namba ikikua, gari linapata nguvu na kupoteza mbio. Ikipungua, kinyume chake.

Umeona kwamba hakuna jozi hata moja hapo ambayo namba zake zote mbili zinagawanyika kwa namba ile ile? Mbunifu angeweza kuweka 36 kwa 9 akapata nne kamili. Hakuweka kwa sababu jino lile lile la pinioni lingekuwa linakutana na meno yale yale manne ya kraunwili maisha yote, na kasoro ya jino moja ingechimba shimo pale pale kila siku. Kwa 37 na 9, kila jino hukutana na kila jino la upande wa pili kwa zamu, na kuchakaa kunagawanywa sawa. Nimeliwaza jambo hili mara nyingi nikiwa chini ya gari, na bado linanifurahisha.

Sasa tairi. Tairi ni giya ya mwisho, ingawa halina meno. Kila linapozunguka mara moja gari husogea kwa urefu wa mzingo wake, na tairi likiwa kubwa gari husogea zaidi kwa mzunguko ule ule. Ni sawasawa na kupunguza namba ya difu bila kuigusa.

Tuchukue gari la difu ya 4.11 lenye matairi 265/70R16. Namba hizo si mapambo. 265 ni upana wa tairi kwa milimita, 70 ni kimo cha ubavu kama asilimia ya upana huo, na 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ubavu mmoja ni milimita 185.5, nazo ni mbili, juu na chini; rimu ni milimita 406; jumla tairi lina kipenyo cha milimita 777. Vua hilo, vika 315/75R16, ambalo dukani huuzwa kama "inchi 35" ingawa kwa hesabu halizifiki. Kipenyo chake ni milimita 879. Gawanya 879 kwa 777 unapata 1.13. Tairi limekua kwa asilimia 13.

Gawanya sasa 4.11 kwa 1.13. Jibu ni 3.64. Gari lako la difu ya 4.11 limekuwa, machoni pa injini, gari la difu ya 3.64, na hakuna kiwanda ambacho kingethubutu kuiwekea 1HZ difu ya aina hiyo halafu kikuambie upakie watu saba na mahema.

Angalia kinachotokea barabarani. Ukiwa giya ya nne, ambapo giaboksi haipunguzi wala kuongeza kitu, mwendo wa kilomita 80 kwa saa kwa matairi ya awali unaizungusha injini karibu mara 2,240 kwa dakika. Sio bahati nasibu: injini ya 1HZ hutoa msokoto wake mkubwa kabisa karibu na mizunguko 2,200. Kwa matairi makubwa, kilomita 80 hizo hizo zinaikuta injini kwenye mizunguko 1,985. Inaguna. Dereva anasikia mlio umetulia na kujipongeza kwamba sasa anakula mafuta kidogo. Mlima mdogo ukitokea inabidi akanyage hadi chini, arudi giya ya tatu, na moshi mweusi unaomfuata ni yale mafuta aliyodhani ameyaokoa. Akisimama penye mwinuko na kuondoka tena, lazima ailambishe klachi hadi harufu iingie ndani ya gari. Ndipo zilipokwenda klachi zangu tatu.

Halafu kuna urefu kutoka usawa wa bahari, ambao madereva wa Dar es Salaam hawaujui na wa Arusha wanaulipia kila siku. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa kuwa hewa inapungua uzito. Arusha yenyewe iko karibu mita 1,400. Kutoka Mto wa Mbu unapanda ukuta wa Bonde la Ufa, unapita Karatu, unaingia lango la Ngorongoro na kupanda hadi ukingo wa kreta, zaidi ya mita 2,200. Pale injini imebaki na kama nne kwa tano ya nguvu zilizoandikwa kwenye kitabu. Ondoa tena sehemu iliyoliwa na matairi. Kwa hiyo gari linalopanda Ngorongoro likiwa na viatu vya baba limekatwa mshahara mara mbili.

Kushuka nako kuna shida yake, na hapo hatuzungumzii tena klachi. Barabara ya Seneto inateremka kuingia kreta, na dereva mwenye akili huiacha injini imshikie gari kwa giya ndogo badala ya kuchemsha breki. Tairi kubwa linapunguza ule ushikaji wa injini kwa karibu asilimia 12, na wakati huo huo linazipa breki kazi zaidi, maana nguvu ya barabara inavuta kwa mkono mrefu zaidi. Kubadilisha difu kunarudisha ushikaji wa injini. Breki hakuzigusi. Muuza matairi hatakuambia hilo.

Spidomita nayo inadanganyika. Kwenye magari haya inasoma mzunguko kutoka kwenye transifa, lile boksi linalozungusha propela ya mbele na ya nyuma, kabla ya difu, kwa hiyo haijui umevaa tairi gani. Ukiona 50 kijijini, ujue unakwenda kama 56. Askari wa tochi hapimi sindano yako, anapima gari.

Basi hesabu ya kurudisha mambo mahali pake ni nyepesi: zidisha namba ya difu uliyonayo kwa kiwango ambacho tairi limekua. 4.11 mara 1.13 ni 4.64. Hakuna difu ya namba hiyo, unachagua kati ya 4.56 na 4.88. Ukichukua 4.56, kilomita 80 zinarudi kwenye mizunguko 2,200, karibu pale pale kiwanda kilipotaka. Ukichukua 4.88, zinakuwa 2,360. Kwa gari linalokimbia lami nusu ya maisha yake ningechukua ya kwanza. Kwa gari la mzigo linalolala nyanda za juu, ya pili, bila kusita. Magari ya tabo yana uvumilivu zaidi. Ile V8 ya dizeli ya lita 4.5 ambayo Toyota iliianzisha mwaka 2007 inaweza kumeza tairi kubwa bila kulalamika sana, na wenye nayo wasiichukulie sura hii kama amri.

Usinunue chochote kabla hujajua difu yako mwenyewe ni ya namba gani. Usimwamini aliyekuuzia. Magari haya yamepita mikono mingi, na ekseli moja inaweza kuwa imetoka gari jingine. Kuna kibao cha chuma chenye namba za gari, na humo mna msimbo wa ekseli, lakini kibao kinaeleza gari lilivyozaliwa, hakielezi lilivyolelewa. Njia ya uhakika ni hii. Weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, toa giya, inua gurudumu moja tu la nyuma kwa jeki na uweke kigingi imara chini ya ekseli, kisha achia hendibreki. Chora chaki kwenye propela na kwenye tairi. Mtu mmoja azungushe tairi mara 20, mwingine ahesabu propela bila kuingia chini ya uvungu. Kwa kuwa gurudumu la pili limesimama, difu inagawa, na mizunguko 20 ya gurudumu moja ni sawa na 10 ya kraunwili. Propela ikizunguka mara 41 na kidogo, una 4.11. Ikizunguka 39, una 3.91. Hesabu hii haikubali gari lenye difu loku iliyofungwa, yaani ile inayolazimisha magurudumu mawili ya ekseli yazunguke pamoja.

Kosa kubwa kuliko yote nimelikuta kwa watu wenye pesa kidogo na haraka nyingi: wanabadilisha difu ya nyuma peke yake. "Fowili siitumii kila siku," husema. Nyuma 4.88, mbele 4.11. Siku wanapoingiza fowili, transifa inazungusha propela mbili kwa mwendo mmoja, magurudumu ya nyuma yanataka kwenda mita 100, ya mbele yanataka kwenda karibu 119. Kwenye tope zito matairi yatateleza na gari litajisamehe. Kwenye ardhi kavu kitu kitakatika, na mara nyingi ni kile kilicho ghali zaidi. Ukibadilisha, badilisha mbele na nyuma kwa siku moja, ama usibadilishe.

Kuna bei nyingine isiyoandikwa kwenye risiti. Pinioni ya meno 8 ni nyembamba kuliko ya meno 9, na ya meno 7 ni nyembamba zaidi. Kraunwili haiwezi kukua kwa kuwa chungu ni kile kile. Difu ya mbele ya Land Cruiser ni ndogo kuliko ya nyuma, kwa hiyo udhaifu huanzia huko. Ndiyo maana 5.29 sitamshauri mtu anayependa kujinasua kwa kukanyaga mafuta na kuomba Mungu. Iceland wanazitumia namba kubwa namna hiyo, kwenye magari yenye matairi ya inchi 38 na 44, kampuni ya Arctic Trucks ikiwa maarufu kuliko zote. Lakini wao wanapanda barafu, wanatoa upepo hadi tairi linabaki karibu tupu ili lielee juu ya theluji laini. Wanahitaji upana. Wanahitaji tairi la kutandaza.

Je, sisi tunalihitaji? Neno mbuga, kabla hatujalifanya kuwa jina la hifadhi ya wanyama, ni jina la ule uwanda wa udongo mweusi mfinyanzi unaopasuka kiangazi na kunata masika. Kwenye udongo huo tairi pana linakusanya tope na kuwa donati. Tairi jembamba linazama kidogo, linakata hadi kwenye udongo mgumu wa chini, linashika. Wazee waliendesha Land Rover na Land Cruiser kwa 7.50-16, jembamba kama la tela, wakafika kila mahali tunapofika sisi na kwingine ambako hatuthubutu. 235/85R16 ya leo ni mdogo wake wa damu: kipenyo milimita 806, asilimia 4 tu zaidi ya 265/70, na difu haina haja ya kuguswa. Kanuni yangu mwenyewe, isiyotoka kwenye kitabu chochote: chini ya asilimia 5 sijisumbui, kati ya 5 na 10 nauliza gari linabeba nini na linapanda wapi, zaidi ya 10, ama difu ama rudisha matairi dukani.

Ukiamua kuendelea, pesa yako isiishie kwenye spea. Itunze nusu kwa fundi. Kraunwili na pinioni husagwa pamoja kiwandani hadi zizoeane, kisha huchapwa namba moja. Hazitenganishwi hadi kufa. Ukiletewa jozi iliyotumika, iwe Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, geuza na usome: namba zikitofautiana hizo ni yatima wawili waliokutanishwa na muuzaji, nazo zitalia hadi zife.

Fundi wangu aliifanya kazi ile siku mbili, nami nilikaa kwenye kopo la rangi nikamtazama. Kufungua kulichukua nusu ya asubuhi. Muda uliobaki aliutumia kuondoa na kurudisha vipande vyembamba vya chuma, shimu, vinavyoamua pinioni ikae ndani kiasi gani. Alipaka meno ya kraunwili rangi ya mafuta, akaizungusha huku ameishikilia kwa kitambaa ili iwe na mzigo, akasoma alama. Alama ikikaa kwenye shina la jino, pinioni imeingia mno. Ikikaa kwenye ncha, iko mbali. Anataka ikae katikati, kama mbegu ya embe. Akaweka geji ya saa kwenye jino na kulitikisa: ule mchezo kati ya giya mbili uwe kati ya milimita 0.13 na 0.20, kufuatana na difu. Ni kama unene wa karatasi mbili. Ukiwa mdogo giya zinachemka, ukiwa mkubwa zinagonga. Difu iliyokosewa hapa hulia ukikanyaga mafuta na kunyamaza ukiachia, au kinyume chake, na hakuna oili nzito itakayoinyamazisha kwa kudumu.

Mara nne alifungua tena. Mara ya tatu nilimwambia, "Mzee, si imeshakaa sawa?" Hakunijibu.

Kitu kimoja mfuatilie hata kama unamwamini: ile bushi laini inayokaa kati ya beringi za pinioni. Imetengenezwa ibonyee mara moja tu nati inapokazwa. Ikizidishwa haiwezi kulegezwa, inatupwa na kuwekwa mpya. Fundi anayerudisha ya zamani anakupa difu ya miezi sita. Na kama ulikuwa na hamu ya difu loku, iweke leo, maana chungu kiko wazi na kazi ni ile ile.

Oili iwe ya difu, GL-5, siyo iliyobaki kwenye kopo la giaboksi. Meno ya giya hizi yanatelezana huku yameshindiliwa, na oili ya kawaida hukamuliwa yote ikatoka katikati. Safari ya kwanza iwe ya kilomita 20 hivi, taratibu, kisha simamisha gari nusu saa difu ipoe. Rudia mara mbili au tatu. Usivute tela wala kupakia mzigo mzito kwa kilomita 800 za mwanzo, kisha mwaga oili ile yote hata kama inang'aa. Kama nati ya chini ina sumaku, ipanguse kwa kidole. Ungaunga wa kijivu kama majivu ni kawaida, ni meno yanazoeana. Ukihisi kipande kinachokwaruza, usiweke oili mpya. Lirudishe gari kwa fundi siku hiyo hiyo, likivutwa.